Maswali na Majibu: Tiketi ya Treni Yenye Jina la Mtu Mwingine

Makala ya toleo lililopita kuhusu safari za matibabu na masomo nchini India ilituletea barua za aina ambayo hatukuitarajia. Tulidhani wasomaji wangeuliza kuhusu viza na gharama za hospitali, lakini walio wengi wameuliza kuhusu treni, na hasa juu ya tiketi iliyokwisha kulipiwa kwa jina la mtu ambaye hatasafiri tena. Tumechagua barua zinazogusa pande tofauti za jambo hilo, zikiwamo mbili zisizohusu India.

Mama yetu anatibiwa Vellore, kusini mwa India, na mwezi ujao atasafiri kwa treni kutoka stesheni ya Katpadi hadi New Delhi, ambako atapanda ndege ya kurudi nyumbani. Kaka yetu anayemuuguza alikata tiketi mbili kwa mtandao, yake na ya mama, lakini ameitwa kazini na hana budi kurudi mapema. Mimi, dada yake, ndiye ninayekwenda kushika nafasi yake. Je, ninaweza kusafiri kwa tiketi ya kaka, au nafasi ile imepotea? — Msomaji, Tanga

Nafasi haijapotea, ila huwezi kuitumia ikiwa bado ina jina la kaka yako. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Reli ya India ya mwaka 1989 kinasema kwamba tiketi iliyotolewa kwa jina la mtu itatumiwa na mtu huyo peke yake, kisha kinaruhusu mtumishi wa reli aliyepewa mamlaka kubadilisha jina la abiria aliyehifadhiwa kiti au kitanda, kwa masharti yaliyowekwa. Sharti linalokuhusu wewe ni la ndugu wa karibu. Abiria mwenye nafasi iliyothibitishwa anaweza kuomba nafasi hiyo ihamishiwe kwa baba, mama, kaka, dada, mwana, binti, mume au mke wake, mradi ombi lifikishwe kwenye ofisi ya reli saa 24 au zaidi kabla ya treni kuondoka. Wewe ni dada yake, kwa hiyo umo katika orodha.

Orodha hiyo huishia hapo, na ndipo wasomaji wetu wengi watakapokwama. Mama mdogo, baba mkubwa, shemeji, mkwe, mpwa na babu hawamo. Mtoto wa baba mdogo, ambaye nyumbani tunamhesabu kuwa ndugu wa tumbo moja na ambaye mara nyingi ndiye mwenye nafasi ya kumsindikiza mgonjwa, naye hamo, na karani wa tiketi hatashawishika kwa kuelezwa jinsi mlivyolelewa katika nyumba moja. Ikiwa mtu pekee anayepatikana ni wa aina hiyo, ombi la kubadilisha jina lisipotezewe muda. Tiketi ifutwe mapema na nyingine ikatwe.

Ingawa tiketi yenu ilikatwa kwa mtandao, jina halibadilishwi mtandaoni. Kaka yako anapaswa kuichapisha tiketi hiyo na kwenda nayo kwenye ofisi ya uhifadhi wa nafasi, akiwa na kitambulisho chake halisi, yaani pasipoti, pamoja na ushahidi wa udugu wenu. Hapa ndipo ninapokushauri ujiandae ukiwa bado Tanga. Vyeti vya kuzaliwa vyenu wawili, vinavyoonyesha majina yale yale ya wazazi, ndivyo ushahidi ulio mwepesi kusomwa na mgeni. Kama umeolewa na pasipoti yako ina jina la mume, beba pia cheti cha ndoa, kwa sababu bila hicho karani ataona majina mawili yasiyohusiana. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili peke yake itafutiwe tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Mtumie kaka yako nakala za hati hizo pamoja na ukurasa wa picha wa pasipoti yako mapema, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama dirishani na huenda wewe ukawa bado angani siku hiyo.

Hesabu ya saa 24 nayo ina mtego. Tuseme treni inaondoka Ijumaa saa 12 asubuhi. Mwisho wa kuomba ni Alhamisi saa 12 asubuhi, na saa hiyo ofisi nyingi za uhifadhi wa nafasi hazijafunguliwa, kwani kwa kawaida huanza kazi saa 2. Maana yake ni kwamba siku yenu ya mwisho ni Jumatano. Ratiba za India, tena, huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanzia usiku wa manane, hivyo 06:00 ni saa 12 asubuhi na si saa 6. Nimeona inafaa kulisema hili kwa sababu anayesoma ratiba huku akihesabu kwa saa zetu anaweza kukosea kwa saa sita nzima.

Jina hubadilishwa mara moja tu. Likishaandikwa lako, haliwezi kuhamishiwa tena kwa mdogo wenu wala kurudishwa kwa kaka, kwa hiyo msiende dirishani kabla hamjakubaliana kabisa nani atasafiri. Kaka asiondoke pale bila kupewa uthibitisho wa maandishi kwamba jina limebadilika, nawe siku ya safari ubebe uthibitisho huo pamoja na pasipoti yako halisi. Tiketi ya mama haiguswi na lolote kati ya haya.

Ninasoma Pune. Chama chetu cha wanafunzi wa Afrika Mashariki kimekata tiketi za kundi la watu 30 kwenda Delhi, lakini wenzetu kadhaa wamepangiwa mitihani siku hizo, na wako wengine walio tayari kuchukua nafasi zao. Hatuna undugu wowote. Tumeambiwa wanafunzi wana kanuni yao. Ni kweli? — Msomaji, Pune

Ni kweli, ingawa kanuni hiyo imefungwa kwenye chuo na haikukitambua chama. Wanafunzi wa taasisi inayotambuliwa wanaweza kubadilishiwa majina iwapo mkuu wa taasisi hiyo ataomba kwa maandishi saa 48 kabla ya treni kuondoka, na anayeingia lazima awe mwanafunzi wa taasisi ile ile. Barua ya mwenyekiti wa chama, hata iwe na muhuri mzuri namna gani, haitoshi. Kama wanachama wenu wametawanyika katika vyuo mbalimbali vya Pune, kila nafasi itahitaji barua ya mkuu wa chuo cha mwenye tiketi, na atakayeichukua awe wa chuo hicho hicho.

Kuna kikomo pia cha idadi. Majina yanayobadilishwa hayazidi asilimia 10 ya kundi, na kwa kundi la watu 30 hayo ni matatu. Wakiwa wanne, mmoja atabaki na tiketi yake. Kanuni hiyo hiyo ya saa 48 na asilimia 10 hutumika kwa msafara wa harusi, ambapo ombi huletwa na yule anayetambuliwa kuwa mkuu wa msafara. Nimeitaja kwa sababu mwanafunzi mmoja alituuliza kama kundi linaweza kujiita msafara wa harusi ili likwepe barua ya chuo. Halitapata nafuu yoyote kwa njia hiyo, mbali na kwamba litakuwa limesema uongo kwa ofisi ya serikali ya nchi ngeni.

Kwa yule wa nne, na kwa yeyote asiyepata barua, njia ni kufuta tiketi. Kanuni zilizoanza kutumika Novemba 2015 ziliweka makato yasiyobadilika kwa anayefuta zaidi ya saa 48 kabla ya safari: rupia 120 kwa daraja la kawaida la vitanda, 180 kwa vitanda vya ngazi tatu vyenye kiyoyozi, 200 kwa ngazi mbili, na 240 kwa daraja la kwanza lenye kiyoyozi, kwa kila abiria. Kwa kanuni hizo, ndani ya saa 48 makato yaligeuka kuwa sehemu ya nauli yenyewe na yalikua kadiri saa ya kuondoka ilivyokaribia. Masharti haya hufanyiwa marekebisho, na baadhi ya treni mpya zina yake, kwa hiyo soma yaliyoandikwa kwenye tiketi yako kabla ya kubonyeza kitufe. Mwanafunzi ambaye ameijua tarehe ya mtihani wiki nzima kabla na bado akangoja hadi usiku wa mwisho, kwa matumaini kwamba rafiki ataichukua tiketi hiyo kimyakimya, anachezea fedha zake mwenyewe.

Baba yangu alikosa tiketi katika stesheni moja kubwa kusini mwa India. Kijana aliyekuwa nje akamuuzia tiketi yenye jina la Mhindi asiyemjua, kwa bei iliyozidi nauli, akamhakikishia kwamba wakaguzi hawasomi majina. Alifika salama. Je, alivunja sheria au alilanguliwa tu? — Msomaji, Nairobi

Yote mawili. Kifungu cha 142 cha sheria ile ya 1989 kinamhusu mtu yeyote asiye mtumishi wa reli wala wakala aliyeidhinishwa ambaye anauza tiketi, au anamwachia mwenzake tiketi iliyohifadhiwa nafasi ili asafiri nayo. Adhabu ni kifungo kisichozidi miezi mitatu, au faini isiyozidi rupia 500, au vyote viwili, na tiketi hutaifishwa. Mnunuzi naye anaguswa na kifungu hicho hicho kwa adhabu ya namna hiyo, na akishapanda treni huhesabiwa kuwa abiria asiye na tiketi halali, yaani hudaiwa nauli upya pamoja na nyongeza. Kwa hiyo, ingawa kijana alimlangua baba yako, baba yako hakuwa mhanga mtupu mbele ya sheria.

Maneno kwamba wakaguzi hawasomi majina yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanawanasa watu. Kwa tiketi ya mtandao inayobeba abiria kadhaa, mkaguzi hutaka angalau mmoja wao aonyeshe kitambulisho halisi, na treni ikijaa hutokea asiwaulize waliosalia. Lakini baba yako alikuwa peke yake, na mgeni kutoka Afrika aliyeketi kwenye kitanda kilichoandikwa jina la Mhindi ndiye mtu wa kwanza kutiliwa shaka katika behewa zima. Alisafiri kwa bahati. Zaidi ya hayo, kama treni ingepata ajali, orodha ya abiria isingekuwa na jina lake, nanyi nyumbani msingekuwa na ushahidi wowote kwamba alikuwamo.

Ni haki kuuliza kwa nini nchi ifike mahali pa kumfunga mtu kwa kumpa mwenzake tiketi aliyoilipia. Jibu liko kwa yule kijana wa nje ya stesheni. Treni za India hukatiwa tiketi miezi kabla. Muda wa kuhifadhi nafasi ulikuwa siku 120 hadi ulipopunguzwa kuwa siku 60 kuanzia Novemba 1, 2024. Katika msimu wa sikukuu na likizo, nafasi za njia kubwa huisha mara tu dirisha linapofunguliwa. Kama tiketi ingeweza kupita mkono kwa mkono, mlanguzi angejinunulia behewa zima kwa majina ya kubuni, akasubiri watu wakwame, kisha akawauzia kwa bei aitakayo. Jina lililoandikwa ndilo linalomzuia. Hata orodha fupi ya ndugu, ambayo wasomaji wetu wanaiona kuwa na roho mbaya, imefupishwa kwa sababu hiyo: ukiruhusu binamu, kesho kila mteja wa mlanguzi atakuwa binamu yake.

Anayefanya biashara hiyo bila idhini anaangukia kifungu cha 143, chenye adhabu kubwa zaidi, kifungo hadi miaka mitatu au faini hadi rupia 10,000 au vyote viwili. Baadhi yao walidai mahakamani kwamba sheria ya 1989 haikuzijua tiketi za intaneti, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ya India ikaamua kwamba kifungu hicho kinazihusu pia. Tangu Julai 2025 tiketi za dharura zinazoitwa Tatkal, ambazo hufunguliwa siku moja kabla ya safari, haziwezi kukatwa mtandaoni ila na mtu aliyethibitishwa kwa namba ya Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India. Mgonjwa aliyekwenda kwa viza ya muda mfupi hana namba hiyo, na ugumu huu ndio unaowasukuma wageni kwa vijana wa nje ya stesheni. Baba yako, safari nyingine, aende ndani kwenye dirisha la uhifadhi akiwa na pasipoti yake, aulize nafasi zilizotengwa kwa watalii wa kigeni, ambazo zipo katika baadhi ya treni za masafa marefu. Na ajue kwamba tiketi ya Tatkal haibadilishwi jina hata kwa mke au mtoto, wala haina marejesho ya nauli ikishathibitishwa na mwenyewe akaghairi.

Mimi na mke wangu tulipewa vitanda katika mabehewa tofauti. Abiria mmoja alikubali tubadilishane naye. Je, kwa sheria hizi kali tulitenda kosa? — Msomaji, Dodoma

Hapana. Kifungu kile kile cha 53 kinasema wazi kwamba hakizuii abiria wanaosafiri kwa treni moja kubadilishana viti au vitanda. Kila mmoja wenu alikuwa na tiketi yake kwa jina lake. Mlichobadilishana ni mahali pa kulala. Mjulishe mkaguzi atakapopita, ili asije akamwamsha mgeni usiku akimwita kwa jina lako.

Tumesoma habari za India, lakini sisi tuna reli yetu. Nikimkatia mwanangu tiketi ya SGR kutoka Mombasa kwenda Nairobi kisha ikashindikana yeye kusafiri, kwa nini nisimpe mdogo wake? — Msomaji, Mombasa

Kwa sababu ulipokata tiketi uliandika jina na namba ya kitambulisho cha yule mkubwa, na kabla ya kufika kwenye behewa, Miritini au Syokimau, abiria hudaiwa tiketi pamoja na kitambulisho. Tofauti na treni ya India, ambako mkaguzi hukufikia ukiwa tayari umeketi, hapa ukaguzi uko mlangoni, na mdogo wake atabaki nje na mizigo yake. Kwa Tanzania hali ni hiyo hiyo katika treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo: abiria anatakiwa kuwa na kitambulisho, na tiketi ni ya yule aliyeandikwa.

Ukiona safari imeshindikana, nenda mapema kwa shirika lenyewe, kwenye dirisha la stesheni au kwa njia uliyotumia kukata, uombe kufuta au kuhamisha tarehe kwa mujibu wa masharti yaliyochapishwa siku hiyo. Usitegemee maelezo ya mpita njia wala picha ya ujumbe wa simu inayozunguka katika makundi.

Naomba niseme pia maoni yangu, kwa kuwa umeuliza kwa uchungu ninaouelewa. Ningependa kuona kifungu cha ndugu wa karibu kama kile cha India kikiandikwa waziwazi katika masharti ya reli zetu, chenye muda wake maalumu, orodha yake fupi na ruhusa ya mara moja tu. Kwetu mzazi ndiye anayekata tiketi za watoto, na mtoto mmoja kuugua ghafla si jambo la ajabu. Mifumo yetu ina kitambulisho cha kila abiria tangu mwanzo, kwa hiyo kubadilisha jina dirishani mbele ya mzazi mwenye vyeti mkononi hakungempa mlanguzi nafasi kubwa. Hofu ya kwamba tiketi za Desemba zingelanguliwa ina msingi, lakini saa 24 na sharti la undugu vinaidhibiti sehemu kubwa ya hofu hiyo.

Ninaishi Leicester. Nilinunua tiketi ya treni ya kwenda na kurudi London, nikaenda, kisha rafiki akanirudisha kwa gari. Tiketi haina jina langu popote. Je, mdogo wangu aliyeko London anaweza kuitumia nusu ya kurudi? — Msomaji, Leicester

Hawezi, ingawa karatasi haina jina. Masharti ya usafiri ya National Rail yanasema tiketi hutumiwa na mtu ambaye ilinunuliwa kwa ajili yake, na huruhusiwi kuiuza wala kumpa mwingine isipokuwa masharti ya tiketi yenyewe yameruhusu. Tiketi ya kwenda na kurudi ni safari ya mtu mmoja, hivyo ulipoitumia nusu ya kwanza ulishajulikana kuwa ndiye msafiri wake. Sheria ya India, kwa bahati, inaitaja nusu ya tiketi ya kurudi kwa maneno yake yenyewe katika kifungu cha 142, na inaikataza vile vile.

Ungekuwa umenunua tiketi ya aina ya Advance, yaani ya treni maalumu iliyochaguliwa mapema, usingerudishiwa nauli kwa kubadilisha nia, lakini ungeweza kuhamishia tarehe au saa nyingine kabla ya treni yako kuondoka, kwa kulipa ada na tofauti ya nauli. Abiria angebaki kuwa wewe. Mdogo wako anunue tiketi yake, na kama ana umri wa miaka 16 hadi 25 atafute kwanza kadi ya reli ya vijana, inayopunguza nauli kwa theluthi moja. Nayo pia haiazimwi.